Upande Niliopewa na Kura

Jumatatu, 3 Machi

Masika yameanza leo, tukiwa kwenye ibada ya asubuhi. Kanisa la shule halina dari, kwa hiyo mchungaji aliposema "Tuombe," mvua ikapiga bati na hatukusikia tena kitu. Wote tukainamisha vichwa. Mimi pia. Tangu Godbless afariki sijaomba hata neno moja, lakini kuinamisha kichwa sijasahau.

Godbless alikuwa kaka yangu, mpagazi wa mlimani. Agosti mwaka jana wenzake walimshusha kwenye machela, mapafu yamejaa maji, akafia njiani kabla ya kufika geti la hifadhi. Kanisa zima lilikuja nyumbani, Baba akiongoza, maana Baba ni mzee wa kanisa hapa kwetu Old Moshi. Walisema Mungu amempenda zaidi. Nikajiuliza: zaidi ya nani? Zaidi ya Mama? Swali hilo siwezi kumuuliza mtu yeyote nyumbani. Ndiyo maana nimeanza kuandika.

Jumatano, 5 Machi

Kwaresima imeanza. Mwalimu Pamela, msimamizi wa klabu ya mdahalo, ametangaza mada: "Ibada isiwe lazima kwa mwanafunzi shuleni." Kidato cha tano chote kikaguna. Shule yetu ni ya kanisa. Kengele ya ibada ikilia na wewe uko nje, utapiga deki bwalo.

"Upande haumchagui mtu kwa imani yake," Mwalimu akasema. "Kura ndiyo inachagua. Ukipewa upande usioupenda, hapo ndipo utajifunza kufikiri."

Tulichomoa vikaratasi kwenye kofia yake ya sufi. Denis akapata kuunga mkono mada. Darasa likacheka mpaka likashika mbavu. Denis ndiye kiongozi wa kwaya. Anataka kuwa mchungaji, na mchungaji wa shule ameshamwahidi kumpendekeza kwenye chuo cha theolojia akimaliza kidato cha sita.

"Mwalimu, naomba tubadilishane na Elinipendo," akasema, akinionyesha mimi.

"Kura ni kura, Denis."

Mimi nilipata kupinga. Kwa hiyo nitasimama mbele ya shule nzima kutetea ibada ya lazima. Darasani walimcheka Denis peke yake. Hakuna aliyejua kwamba kura ilikosea mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mfereji wa kihambani, shamba letu la migomba na kahawa, uliziba, Baba akaniambia nikauzibue kabla ya shule. Nikachelewa ibada. Nimepiga deki bwalo.

Jumatatu, 10 Machi

Denis alikuwa maktaba na Katiba ya nchi. Akanisomea ibara ya kumi na tisa, kwamba kufanya ibada ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Halafu akafunga kitabu.

"Hii inanisumbua," akasema. "Nilidhani nitatunga maneno tu. Sasa kila nikiingia ibadani nawaangalia watu. Brenda anamalizia hesabu juu ya mapaja. Wavulana wa nyuma wamelala. Hivi Mungu anafurahia nini pale?"

"Wewe si unaomba?"

"Mimi naomba. Wewe?"

Nikamwambia asitafute hoja zangu kabla ya siku. Akacheka, nami nikacheka.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa nzima. Barabara ya kupanda kwetu ni utelezi mtupu. Nimeandika hoja zangu. Zimekuwa nzuri, jambo linalonishangaza.

Ijumaa, 14 Machi

Mdahalo umefanyika. Naandika nikiwa bado na sauti ya bwalo masikioni.

Wazazi kadhaa walialikwa. Mkuu wa shule, Mwalimu Mathew, alikaa mstari wa mbele. Huyu mwalimu nampenda. Siku ya mazishi ya Godbless alisimama kwenye tope na wanafunzi wake mpaka mwisho, na katika watu wote waliokuja ni yeye peke yake ambaye hakunieleza mapenzi ya Mungu. Alinishika mkono, akasema, "Utarudi darasani ukiwa tayari." Basi.

Denis alianza taratibu. Akasoma ibara ya kumi na tisa. Akauliza kama kuna mama anayemlazimisha mwanawe kwa fimbo amwambie "nakupenda," na kama yuko, basi akisikia neno hilo huwa anafurahi nini. Wazazi wakatikisa vichwa kukubali. Ndipo akasema:

"Mheshimiwa mwenyekiti, nitasema ukweli wangu. Leo asubuhi mimi sikuomba. Kengele ililia, nikaingia, nikahesabu vioo vya dirisha mpaka amina."

Bwalo likalipuka. Wengine walishangilia, wengine wakazomea. Mwenyekiti akagonga meza. Denis akasubiri, halafu akaendelea kwa sauti ya chini: "Niliomba baadaye, kwenye migomba nyuma ya bweni, bila kengele. Na maombi yale ndiyo niliyoyasikia mwenyewe."

Mimi nikafuata. Nikasema mtoto hafundishwi kunawa mikono kwa kuulizwa kama anapenda. Ananawishwa, na siku moja anajikuta hawezi kula bila kunawa. Nikasema mazoea ni mlango, na moyo huingia nyuma ya miguu. Nikasema mzazi aliyeleta mtoto wake shule ya kanisa alijua anamleta wapi. Watu walisimama kunipigia makofi. Mchungaji wa shule akafuta miwani. Tulipopiga kura kwa kunyoosha mikono, upande wangu ukashinda.

Mwalimu Mathew akanipa zawadi ya kamusi. "Baba yako atafurahi," akasema.

Nilitembea kuelekea nyumbani na kamusi chini ya sweta isilowe. Maneno yangu yote yalikuwa na akili. Hakuna hata moja lililokuwa langu.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada watu walikusanyika barazani nje ya kanisa wakipitishiana simu. Kuna mzazi alimrekodi Denis. Kipande chenyewe ni kifupi: "Leo asubuhi mimi sikuomba… nikahesabu vioo vya dirisha mpaka amina." Halafu kelele za bwalo, kimekatwa hapo. Sehemu ya mgombani haimo.

Juu yake mtu ameandika: *Haya ndiyo wanafundishwa watoto wetu shule ya kanisa.*

"Lakini aliendelea," nikamwambia Baba. "Alisema aliomba baadaye."

"Neno likishatoka limetoka," Baba akasema.

Halafu wazee wenzake wakaja kumpongeza kwa ajili yangu, na uso wake ukafunguka kama ambavyo haujafunguka tangu Agosti. Nikashindwa kuendelea.

Jumatatu, 17 Machi

Denis ameitwa ofisini wakati wa kipindi cha pili. Hakurudi mpaka chakula cha mchana. "Wanataka niseme mbele ya shule kwamba nilikosea, na kwamba maneno yale nilipewa na Mwalimu Pamela," akaniambia. Hakula.

Jumatano, 19 Machi

Denis amesimamishwa masomo hadi bodi ya shule ikutane. Amekataa kusema kile walichotaka.

Nilimkuta getini na begi lake, akisubiri gari la kushuka mjini, kisha aunganishe la Kahe, kwa mama yake.

"Sema tu ilikuwa mchezo wa kura," nikamwambia. "Ni kweli, ilikuwa kura."

"Mwanzoni. Sasa siyo tena, Eli. Naamini kwamba ibada ya kulazimishwa ni kumtania Mungu. Nikisema siamini, nitakuwa nimeanza uchungaji kwa uongo." Akajaribu kutabasamu. "Na wewe mbona unalia? Si wewe uliyenishinda?"

Mwalimu Mathew alikuwa mstari wa mbele siku ile. Alisikia yote, mpaka neno la mwisho. Leo amepita karibu nasi na mwavuli wake akiangalia chini.

Siwezi tena kumwangalia kama zamani.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Tumechuma ndizi za kupikia mtori.

Alhamisi, 27 Machi

Klabu ya mdahalo imefungwa. Mwalimu Pamela amepewa onyo. Alikuja darasani, akafundisha somo la uraia kama ilivyo kwenye mtaala, haki na wajibu wa raia, akasoma kutoka kitabuni bila kuinua macho. Brenda akanyoosha mkono.

"Mwalimu, haki ya kutoa maoni inaanza ukiwa na umri gani?"

Mwalimu Pamela akaangalia mlango kwanza. "Andikeni zoezi la nne," akasema.

Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuogopa mlango uliofungwa. Kengele za asubuhi zinaendelea. Tunaingia, tunainama, tunasema amina. Mchungaji sasa anasoma majina ya waliochelewa.

Jumatano, 2 Aprili

Mto umefurika kule chini, barabara ya Kahe imekatika. Huku juu kahawa imechanua na kihamba chote kinanukia. Nafikiria Denis na maji.

Jumamosi, 5 Aprili

Mama Denis amekuja. Alitembea kipande kilichokatika, viatu mkononi, akapanda hadi kwetu akiwa amelowa mpaka magotini. Mama akampa kanga kavu na chai. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi, na mlango ulikuwa wazi.

"Baba Godbless," akamwambia Baba, "nimekuja kwako kwa sababu uko kwenye bodi, na kwa sababu wewe ni mzazi."

Watu wengi wameacha kumwita Baba kwa jina hilo. Niliona akivuta pumzi.

"Mama Denis, pole kwa safari. Lakini kijana alisema mbele ya shule nzima kwamba haombi."

"Alisema hakuomba asubuhi ile. Wewe asubuhi zote unaomba?"

Baba akageukia dirisha. Nje mvua ilizidi.

"Aombe radhi," akasema mwishowe. "Akiomba radhi mimi nitasimama naye mpaka mwisho. Nakuahidi."

"Nimemwambia hivyo hivyo. Nimemlilia, baba. Ameniambia, 'Mama, nikiyafuta maneno yale, nitahubiri nini kesho?' Nimekosa la kumjibu. Maji yameingia shambani, mahindi yote yamelala, na yeye anafanya kazi kutwa kuokoa yaliyobaki, huku anaimba nyimbo za Kwaresima. Mtoto huyo ndiye mnamwita asiyeomba?"

Alikunywa chai yake, akashukuru, akaondoka kabla giza halijaingia. Baba akasema, "Kijana jeuri."

Mama alikuwa anaanika kanga. "Jeuri angesema uongo, akarudi darasani siku ile ile," akasema.

Sijawahi kumsikia Mama akimpinga Baba juu ya jambo la kanisa.

Jumatano, 9 Aprili

Mwalimu Mathew ameniita. Bodi inakutana keshokutwa, nao wanataka wanisikie. "Utaeleza ulichojifunza kwa kutetea upande mzuri," akasema. Alionekana amekonda. Mezani kwake kulikuwa na simu iliyolia mfululizo, naye hakuipokea.

"Mwalimu, wewe ulikuwepo," nikasema.

"Elinipendo," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, "wazazi wanahamisha watoto. Shule hii ikifungwa, mtakwenda wapi? Nenda darasani."

Nilidhani amegeuka kuwa mtu mwingine. Leo nimeona ni yule yule, ila anaogopa. Haikunipunguzia hasira sana.

Ijumaa, 11 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa, nisijipambe.

Bodi ilikaa maktaba. Mwenyekiti wa bodi, mchungaji wa shule, Mwalimu Mathew, wajumbe wengine, na Baba kwenye kona ya meza, amevaa koti lake la kanisani. Denis alikaa na mama yake kwenye benchi la ukutani. Mwalimu Pamela alikuwa peke yake karibu na dirisha. Nikawaamkia wote shikamoo.

Walianza na Denis. Mwenyekiti akamuuliza kama yuko tayari kuomba radhi.

Denis akasimama. "Kama kuna mzazi nilimhuzunisha, naomba radhi kwa huzuni yake. Lakini hoja yenyewe siwezi kuifuta, mzee. Nilipewa na kura, ila sasa ni yangu."

Mchungaji akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nadhani alimpenda kweli.

Halafu mwenyekiti akanigeukia, akalainisha sauti. "Binti yetu, wewe ulitetea ibada vizuri sana. Tueleze. Ulipomsikia mwenzako, ulijisikiaje?"

Nilikuwa nimeandaa jibu. Lilikuwa jibu la heshima, lenye kumsaidia Denis kidogo na kutomwaibisha Baba. Nilifungua kinywa, likagoma.

"Nilijisikia anasema kweli, mzee."

"Una maana gani? Wewe ulisema mazoea ni mlango."

"Nilisema kwa sababu kura ilinipa upande huo. Mimi siombi. Tangu kaka yangu afariki sijaomba hata siku moja. Kila asubuhi naingia ibadani, nafumba macho, nasema amina, kwa sababu kengele imelia. Mlinipigia makofi. Mlinipa kamusi." Nikamwelekezea Denis mkono. "Denis anaomba kila siku, na ninyi mmemfukuza. Kama mnamwadhibu mtu kwa maneno ya mdahalo, mimi nilisema uongo mtupu. Kama mnamwadhibu kwa kutoomba, asiyeomba ni mimi. Kwa vyovyote vile mmemkosea mtu."

Sikuthubutu kumwangalia Baba. Niliona mikono yake tu juu ya meza. Alikuwa ameushika mmoja kwa mwingine, kama mtu aliyeshikwa na baridi.

"Nani amekufundisha kusema hivi?" mchungaji akauliza, akimtazama Mwalimu Pamela.

"Hakuna, Mchungaji. Ningefundishwa ningesema vizuri zaidi."

Ndipo Mwalimu Mathew akasimama. Yeye ni katibu wa bodi, kazi yake kuandika. Akaweka kalamu chini.

"Mwenyekiti, mimi nilikuwepo mwanzo hadi mwisho. Kile kipande kimekatwa. Baada ya maneno yale kijana alisema aliomba baadaye, peke yake, bila kengele. Nilisikia kwa masikio yangu. Nilipaswa kusema Jumatatu ile ile, nikanyamaza kwa sababu simu zilikuwa zinalia." Akamgeukia Mwalimu Pamela. "Na mada niliipitisha mimi. Saini ni yangu. Mwalimu Pamela aliniomba ruhusa, nikampa."

Mama Denis akajifunika uso kwa kanga.

Walitutoa nje. Tulikaa barazani, Denis na mimi, mvua ikimwagika kutoka kwenye mfereji wa bati.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Ungeniombea."

"Ningekuombea," akakubali. "Bado nitakuombea. Lakini usije ibadani kwa ajili hiyo."

Baba alitoka, akapita mbele yetu, akashuka kwenda nyumbani peke yake bila mwavuli.

Jumamosi, 12 Aprili

Baba hajasema nami. Nimemwamkia, ameitikia marahaba. Ni hilo tu.

Jumapili, 13 Aprili

Sikukuu ya Matawi. Nilisema naumwa tumbo, nikabaki nyumbani. Ni kweli lilikuwa linauma.

Jumanne, 15 Aprili

Uamuzi umebandikwa. Denis anarudi darasani. Ibada inabaki lazima. Mdahalo umesimamishwa "hadi utaratibu mpya." Mwalimu Pamela hakufukuzwa, lakini amenong'ona kwamba muhula ukiisha ataenda kufundisha Bomang'ombe. Mimi sikuadhibiwa, ila nitakuwa naonana na mchungaji kila wiki kwa ushauri.

Nilitarajia kitu kikubwa zaidi, au kibaya zaidi. Brenda amekunja karatasi ya zoezi, akaandika mada tano za mdahalo, akaipitisha chini ya madawati. Tutaanza kwenye migomba nyuma ya bweni, wakati wa mapumziko. Hakuna mtu atakayetupigia makofi huko.

Jumatano, 16 Aprili

Denis amerudi, mikono ina malengelenge ya jembe. Mchungaji amemwambia hawezi kumpendekeza chuo cha theolojia kwa sasa. Ataangalia mwenendo wake kwanza.

"Umejisikiaje?" nikamuuliza.

"Nimelia jana. Leo nimeamka nikiwa bado nataka kuwa mchungaji. Kwa hiyo nitasubiri."

Asubuhi aliingia ibadani kama wote. Aliimba. Mimi nilikaa, sikufumba macho. Mwalimu Mathew alikuwa mlangoni na akaniona. Hakuandika jina langu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nyumbani kimya. Baba amefunga kula. Nimesikia akimwambia Mama jikoni, "Miezi yote hii alikuwa anakaa pembeni yangu kanisani, na mimi sikujua." Mama akasema, "Hukumuuliza." Baba akasema, "Niliogopa angeniuliza na yeye."

Sijui kama alijua nasikia.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Leo mvua imekatika na Kibo, kilele cha mlima, imetoka yote, nyeupe mpaka mabegani. Baba alivaa suti. Alisimama mlangoni pa chumba changu.

"Twende," akasema.

Ni neno la kwanza tangu bodi, ukiacha marahaba. Nikavaa. Mama alitangulia na akina mama wenzake. Sisi tulitembea wawili njia nzima, tukiruka madimbwi, tukisalimia watu. Heri ya Pasaka, heri ya Pasaka. Watu waliniangalia mimi, halafu wakamwangalia yeye.

Tulipofika kwenye lango la kanisa alisimama. Kengele ilikuwa inalia.

"Elinipendo," akasema. "Ukitaka kuingia, ingia. Kama hutaki, usiingie kwa ajili yangu."

"Watu watasema, Baba."

"Watasema."

"Na wewe utasema nini?"

Alifikiri. Baba si mtu wa maneno ya haraka. "Nitasema binti yangu yuko nje," akasema, "na ibada ikiisha narudi naye nyumbani."

Nilitaka kuingia kwa sababu hiyo hiyo. Nilitaka sana, ili nimlipe. Ndipo nikaona kwamba ningekuwa nainamisha kichwa tena. Nikasema, "Nitakusubiri hapa."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia.

Nilikaa kwenye ngazi za baraza, juani. Kwaya ilianza, sauti ikafika mpaka barabarani, nami nikagundua kwamba bado naupenda wimbo ule, hata kama sijui naimbiwa nini. Milango yote ilikuwa wazi kwa sababu ya joto na wingi wa watu. Nikamtafuta Baba kule mbele, kwenye viti vya wazee, mahali alipokaa tangu nizaliwe. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Alikuwa amekaa benchi la mwisho, kando ya mlango, amebanana na akina mama wenye watoto wachanga. Kutoka pale, akigeuza shingo, aliweza kuniona. Aligeuza mara nyingi.